Mlango Rahisi, Nyumba Ghali

Ukitaka kujua kwa nini gemu za mtandaoni zinazotoka kwetu ni chache, usianze na kipaji. Kipaji kipo, kuanzia Likoni hadi Vanga. Anza na hesabu, halafu uifuate nyuma miaka ishirini na tano hivi.

Mwaka 2000, mtu wa Ukunda akimwandikia barua pepe mtu wa Kwale mjini, na kila mmoja yuko na kampuni yake ya intaneti, ujumbe ulipanda kwenye satelaiti, ukashuka ng'ambo, kisha ukarudi kwa njia ileile. Satelaiti hizo ziko karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Kwa barua pepe, si neno. Lakini kwa gemu, ukibonyeza kitufe unangoja kama nusu sekunde, na mara nyingi zaidi. Mwenzio wa Ulaya ameshakufunga bao na kushangilia.

Kampuni za intaneti zilijaribu kutafuta dawa. Novemba 2000 zilifungua kituo Nairobi, KIXP, ili data ya Kenya ipokezanwe hapahapa Kenya. Haikuchukua wiki nyingi. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya pekee ya kusafirisha data ya kimataifa, ililalamika, na tume ya mawasiliano ikaamuru kituo kifungwe. Kilirudi kazini mwaka 2002. Kwa hiyo umbali wetu na dunia haukuwa wa kilomita peke yake. Sehemu yake iliwekwa na karatasi za ofisini.

Halafu ukaja 2009. Kebo ya TEAMS ilitoka Fujairah, kule Ghuba, ikapita chini ya bahari ileile waliyopita manahodha wa majahazi, ikafika Mombasa mwezi wa Juni. SEACOM ikafuata Julai. Watu wa ng'ambo ya feri tukaambiwa dunia imefika mlangoni, na kwa kweli ilikuwa imefika.

Milango nayo ikafunguka. Wesley Kirinya alipotoa Adventures of Nyangi mwaka 2007, moja ya gemu za mwanzo za 3D kutengenezwa Kenya, hata duka la programu la Apple halikuwepo. Lilifunguliwa Julai 2008, na la Android likafuata mwaka huohuo. Leo kuandikisha akaunti ya Google Play ni dola 25, unalipa mara moja tu. Apple ni dola 99 kila mwaka. Steam, tangu 2017, ni dola 100 kwa kila gemu. Kwa dola moja ya shilingi 129, mlango wa Google ni shilingi 3,225. Kijana wa bodaboda Diani anaweza kuzichanga.

Lakini tazama gemu zetu zilivyo. Nyangi unacheza peke yako. Nairobi X ya mwaka 2015, ile ya kupambana na wavamizi kutoka anga za juu, unacheza peke yako. Gemu ya aina hiyo ukishaiuza umemaliza; haikudai kitu usiku ukiwa umelala. Ya mtandaoni inadai.

Kuna jamaa wawili nawajua Ukunda wanaotengeneza bao la mtandaoni. Nilikaa nao tukapiga hesabu. Seva ndogo ya kukodi ni kama dola 5 au 6 kwa mwezi. Tukachukua 6, ikawa shilingi 774. Mwezi wa tano, seva peke yake imeshakula kuliko bei ya mlango wa Google. Mwaka ukiisha ni shilingi 9,288, na hapo wachezaji bado ni wachache. Wakiongezeka, seva inatakiwa kuwa kubwa zaidi. Na ukipata cha kuuza, duka linachukua asilimia 15 kwa wadogo tangu 2021. Zamani ilikuwa 30.

Linganisha na kibanda cha PS pale mtaani. Mwenye kibanda analipwa kila mechi, na watu wasipokuja anazima mashine, anaenda zake. Mwenye gemu ya mtandaoni yuko kama hoteli za Diani mwezi wa Mei. Mvua inanyesha, vitanda vitupu, lakini bwawa lazima lisafishwe na askari wa getini alipwe, kwa sababu mgeni mmoja anaweza kutokea.

Na huyo mgeni naye ana gharama zake. Mwaka 2018 serikali iliweka ushuru wa asilimia 15 kwenye data, ikaupandisha hadi 20 mwaka 2021, ikaurudisha 15 mwaka 2023. Kila mechi inakula bando lililokwisha kutozwa. Gemu ya kucheza peke yako inaweza kuishi bila bando. Ya mtandaoni inakufa nalo. Tena Mei 12, 2024, kebo za EASSy na SEACOM zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikaenda kwa kusuasua Afrika Mashariki nzima. Siku kama hiyo mteja hailaumu kebo. Anafuta gemu yako.

Gharama ngumu kuliko zote haina risiti. Bao linataka watu wawili. Barazani Msambweni ukikosa mwenzio unamngoja, kahawa inaendelea. Mtandaoni mtu akifungua gemu asione mpinzani kwa dakika moja, harudi. Ili apatikane mpinzani saa yoyote unahitaji mamia ya watu, na hao mamia hawaji mpaka wakute watu. Kampuni kubwa hununua matangazo mpaka ukumbi ujae. Mdogo anangoja, na kila mwezi wa kungoja una shilingi 774 zake.

Mimi chuo niliacha kwa sababu ya karo, na pale nilijifunza kwamba ada ya kujiandikisha haijamfukuza mtu. Muhula wa nne ndio unaofukuza. Gemu ndogo nazo, nionavyo, haziangushwi na siku ya uzinduzi. Zinaangushwa na mwezi wa sita. Kwa hiyo anayefika mbali si lazima awe fundi zaidi. Mara nyingi ni yule ambaye nyumbani kuna mtu wa kulipa bili.

Wale jamaa wa bao wamechagua vizuri kwa jambo moja: bao ni la zamu, kucheleweshwa nusu sekunde hakuliharibu. Wameamua pia gemu ifunguliwe jioni tu, saa mbili hadi saa nne, ili wachache waliopo wakutane. Na hawatazindua mpaka wawe na pesa za seva za mwaka mzima mkononi.

Kwenye bao la Kiswahili kila mchezaji huanza na kete 22 mkononi, anazitia moja moja. Hatua hiyo ni namua. Zikiisha ndipo inaanza hatua ya mtaji, unacheza na zilizoko ubaoni. Wazee wanajua kwamba asiyezitunza kete za namua hafiki mbali kwenye mtaji.