Trela ya safari ikitoka gereji bado mbovu: Haki za mnunuzi nchini Marekani

Na Mwandishi Wetu

TRELA ya safari ni nyumba ndogo ya magurudumu inayovutwa na gari, yenye kitanda, jiko, choo na tangi la maji. Nchini Marekani familia nyingi huinunua kwa ajili ya mapumziko, na wapo wanaoishi humo mwaka mzima. Nyingi huundwa katika wilaya ya Elkhart, jimbo la Indiana, na huuzwa zikiwa na dhamana ya kiwanda, au waranti, ambayo mara nyingi ni ya mwaka 1.

Dhamana hiyo ni ahadi ya kurekebisha kasoro bila malipo. Swali gumu hujitokeza pale marekebisho yenyewe yanapofanywa ovyo, trela ikarudi kwa mwenyewe na ubovu ule ule, huku siku za dhamana zikiyoyoma.

Chanzo cha mvutano

Anayetoa ahadi ni kiwanda, lakini anayetengeneza kwa kawaida ni gereji ya muuzaji. Gereji huomba kibali cha kiwanda, hupeleka picha za ubovu, kisha hulipwa kwa idadi ya saa ambazo kiwanda kimekubali. Kazi ikihitaji saa nyingi zaidi ya hizo, hasara ni ya gereji, na hapo ndipo fundi anaposhawishika kulipua kazi. Wakati huo mwenye trela anaendelea kulipa mkopo wa chombo kilichoegeshwa uani kwa muuzaji.

Aidha, dhamana ya trela haiko mkono mmoja. Jokofu, kiyoyozi na matairi huwa na dhamana za watengenezaji wake, hivyo mlalamikaji anaweza kurushwa huku na huko asipojua kila kifaa kinadhaminiwa na nani.

Mfano wa paa linalovuja

Ubovu unaoumiza zaidi ni uvujaji wa maji. Viungo vya paa huzibwa kwa gundi maalumu. Fundi asiye makini hupaka gundi mpya juu ya ile kuukuu iliyopasuka, bila kuikwangua wala kusafisha, na baada ya mvua chache maji hupenya tena. Ndani ya ukuta mbao huoza, na faibaglasi ya nje hubanduka kwenye plaiwudi iliyogundishwa nayo, ukuta ukafura. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa trela, maana yake ni ukuta hasa.

Kazi iliyofanywa vizuri inaweza kuthibitishwa. Kipo kipimo cha kupuliza hewa ndani ya trela iliyofungwa na kupaka maji ya sabuni kwenye viungo vya nje: panapotoka mapovu ndipo panapovuja. Kipo pia kifaa cha kupimia unyevu ukutani. Mwenye trela ana kila sababu ya kuomba vipimo hivyo kabla ya kutia saini kwamba ameridhika.

Sheria zinasemaje

Sheria ya shirikisho inayosimamia dhamana za bidhaa za walaji, Magnuson-Moss, ilianza mwaka 1975. Inatenganisha dhamana kamili na dhamana yenye mipaka. Katika dhamana kamili, kasoro isipoondoka baada ya majaribio ya kutosha, mnunuzi huchagua kurudishiwa fedha au kupewa bidhaa nyingine. Trela, hata hivyo, kwa kawaida huuzwa kwa dhamana yenye mipaka.

Pamoja na hayo, kiwanda kilichotoa dhamana ya maandishi hakiruhusiwi kufuta ahadi ya kisheria kwamba bidhaa inafaa kwa kazi yake, ingawa kinaweza kuiwekea ukomo wa muda. Mlaji akishinda kesi, mahakama inaweza kuamuru alipwe gharama za wakili. Lakini kabla ya kushitaki, lazima awe amekipa kiwanda nafasi ya haki ya kurekebisha.

Majimbo nayo yana sheria zake. Sheria nyingi za magari mabovu huwalinda wenye magari na kuziacha nje trela zinazovutwa. California ina sheria ya Song-Beverly ya mwaka 1970, inayotaka matengenezo ya dhamana yakamilike ndani ya siku 30, isipokuwa mnunuzi akikubali vinginevyo kwa maandishi au kuwe na sababu zilizo nje ya uwezo wa kiwanda. Siku ambazo chombo kiko gereji huongezwa kwenye muda wa dhamana.

Karatasi ndiyo shahidi

Katika migogoro hii, mara nyingi neno la mwisho huwa la karatasi. Kila trela inapopelekwa, idaiwe hati ya kazi yenye tarehe ya kuingia na kutoka, malalamiko kama mwenyewe alivyoyaeleza, na kazi iliyofanyika. Malalamiko ya mdomo tu ni vigumu kuyathibitisha baadaye, na fundi akiandika kwamba hakuona tatizo, mwenye trela aandike pingamizi lake papo hapo.

Kosa linalowagharimu wengi ni kumwita fundi wa mtaani afumue kazi mbovu kabla haijapigwa picha. Akifanya hivyo, ushahidi umetoweka, na kiwanda kinaweza kudai uharibifu ni wa fundi huyo. Inayoruhusiwa, na inayotakiwa, ni hatua ya kuzuia hasara isiongezeke, kama kufunika paa kwa turubai baada ya kupiga picha.

Gereji ikishindwa, barua iende kiwandani kwa njia yenye stakabadhi, ikitaja namba ya chombo, tarehe za kila tengenezo na siku ambayo jibu linatarajiwa. Kiwanda kikikaa kimya, mkaguzi wa kujitegemea huandika ripoti, na malalamiko huweza kufikishwa kwa mwanasheria mkuu wa jimbo au kwa wakili wa masuala ya walaji.

Jambo la kukumbuka ni tarehe ya malalamiko ya kwanza. Ikiwa kasoro iliripotiwa kwa maandishi dhamana ikiwa hai, na gereji ikashindwa kuiondoa, mnunuzi ana hoja nzito kwamba deni la kiwanda halijalipwa, hata kama mwaka umekwisha.