Uyoga Unahitaji Maneno Zaidi

Neno uyoga tumelibebesha mzigo mzito. Uyoga ni ule wa kulimwa unaouzwa madukani Kitale. Uyoga ni ule unaochipuka vichuguuni Bungoma mvua ndefu zinapoanza. Na ule unaoua nao ni uyoga. Waluhya husema obwoba, lakini mchumaji mzoefu haishii hapo: atauliza umeota wapi. Kichuguuni? Kwenye gogo? Malishoni?

Uyoga wa kichuguu ni istilahi ninayoipenda kwa sababu imebeba elimu. Mwaka 1942 Mfaransa Roger Heim aliupa jina la kisayansi Termitomyces, yaani kuvu ya mchwa. Wenyeji wa maeneo yenye vichuguu walikuwa wamekwisha kuona uhusiano huo. Mchwa huilima kuvu hiyo ndani ya kichuguu, juu ya sega walilolijenga kwa majani na miti waliyotafuna. Katika aina nyingi, shina hurefuka ardhini kama mzizi mpaka kwenye sega. Ukiukata juujuu, umeuacha ushahidi wa aina yake udongoni.

Ndiyo maana tunahitaji majina ya viungo vyake. Kofia, shina na pete tayari yanaeleweka. Vile vipande vyembamba chini ya kofia napendekeza tuviite matamvua, kama ya samaki. Kile kinachozunguka kitako cha shina kiitwe kifuko. Aina za uyoga wa jenasi Amanita zenye sumu kali zaidi hukificha kifuko hicho udongoni. Tuseme pia unga wa spora, yaani chembe za uzazi za uyoga: laza kofia juu ya karatasi nyeupe usiku kucha, asubuhi utaiona rangi yake. Chlorophyllum molybdites, ambao hufanana na uyoga unaolika na kuota penye nyasi, huacha unga wa kijani. Anayeula hutapika na kuhara.

Istilahi nzuri huokoa watu. Tuna sumukuvu, neno la sumu inayoshika mahindi yasiyokaushwa vizuri. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Mkulima wa Trans Nzoia akisikia sumukuvu, maneno mawili anayoyajua humwonyesha hatari ilipo. Uyoga wa porini nao unastahili msamiati ulio wazi namna hiyo, vitabuni na redioni.

Tusidanganyike kwamba ulioliwa na wadudu ni salama, au kwamba kuchemsha huondoa kila sumu. Sumu ya Amanita hatari haiondoki kwa moto, na dalili zake huweza kuchelewa saa sita au zaidi huku ini likiharibika.

Kwa hiyo, msomaji, ung'oe uyoga mzima, uutazame kiungo kwa kiungo, umwonyeshe anayeujua. Usioweza kuutaja kwa uhakika usiingie chunguni. Na aliyekula akaugua apelekwe hospitali mara moja, pamoja na mabaki ya uyoga wenyewe.