Ukurasa wa Mbele na Ukurasa wa Tanzia: Magazeti, Lugha na Hatari ya UKIMWI nchini Kenya, 1984–1999

Utangulizi

Katika masimulizi yake ya tauni iliyoikumba London mwaka 1665, yaliyochapishwa mwaka 1722, Daniel Defoe anamwonyesha msimulizi akizidurusu orodha za vifo zilizotolewa kila juma. Msimulizi anatambua kwamba jamaa za marehemu walijitahidi vifo vya tauni viandikwe kuwa vya homa nyingine, ili nyumba zao zisifungwe na majirani wasiwakimbie. Matokeo yake ni kwamba tauni ilionekana ndogo kuliko ilivyokuwa, huku homa za kawaida zikiongezeka ajabu.

Anayechunguza historia ya UKIMWI nchini Kenya hatakosa kukiona kisa hicho kikijirudia, ingawa safari hii mahali pa kufichia palikuwa gazetini. Makala hii inanuia kuonyesha kwamba, baina ya mwaka 1984 na 1999, gazeti la Kenya liliuandika ugonjwa huu katika kurasa mbili na kwa lugha mbili. Ukurasa wa mbele uliutaja kwa sauti kuu, lakini ukawapa wageni. Ukurasa wa tanzia uliwataja jamaa zetu, lakini ukaunyamazia ugonjwa. Tunashikilia kwamba hisia ya hatari ilipotea katika pengo lililokuwa baina ya kurasa hizo mbili.

Ugonjwa wa Wengine

Taarifa ya kwanza ya kitabibu ilitolewa nchini Marekani mwezi Juni 1981, nayo iliwahusu vijana watano wa kiume wa Los Angeles waliokuwa wapenzi wa jinsia moja. Kwa hiyo habari hizo zilipofika Afrika Mashariki, tayari ugonjwa ulikuwa umekwisha kupewa mwenyewe. Mgonjwa wa kwanza alitambuliwa nchini Kenya mwaka 1984, na mapema mwaka uliofuata magazeti yakaanza kuutangaza kama ugonjwa wa zinaa uuao.

Mwaka 1986 uchapishwaji wa utafiti uliofanywa Nairobi ulionyesha kwamba virusi vilipatikana katika asilimia 66 ya wanawake wa kipato cha chini waliouza miili yao. Utafiti huo huo uliwapima pia wanaume waliotibiwa katika kliniki ya magonjwa ya zinaa, na asilimia 8 yao wakapatikana navyo. Hata hivyo, katika mazungumzo ya umma aliyekumbukwa ni kahaba. Mteja wake, ambaye jioni alirejea kwa mkewe, hakupata jina wala taswira. Mapema mwaka 1987 jeshi la Uingereza lilipowazuia askari wake kwenda mapumziko katika pwani ya Kenya, mjadala uligeuka kuwa wa heshima ya taifa na mapato ya utalii. Swali likawa ni nani aliyemtukana nani, wala si nani aliyekuwa hatarini.

Tabia hii haikuwa ya Kenya pekee. Susan Sontag alieleza mwaka 1989 jinsi maradhi ya kutisha yanavyodhaniwa daima kuwa yametoka kwingine. Waingereza wa kale waliihusisha kaswende na Wafaransa. Karibu nasi, watu wa Kagera waliuita ugonjwa huu Juliana, jina la aina ya nguo iliyoletwa na wafanyabiashara kutoka Uganda. Jina lenyewe lilikuwa kama stakabadhi ya bidhaa iliyovushwa mpakani. Kisarufi, hizi zote ni kauli za nafsi ya tatu: mgonjwa ni yeye, ni wao.

Hata tumaini lilielezwa kwa lugha iliyomweka msomaji kando. Dawa ya Kemron, iliyotangazwa na watafiti wa Kenya mwaka 1990, ilishangiliwa kama ushindi wa taifa kabla majaribio ya kimataifa hayajaonyesha kwamba haikuwa na manufaa yaliyotarajiwa. Kwa muda, msomaji aliaminishwa kwamba hatari ilikuwa ya wengine, na kwamba hata ingemfikia, tiba ilikuwa nyumbani.

Lugha ya Tanzia

Tufunue sasa kurasa za ndani. Tangazo la kifo katika gazeti la Kenya ni utanzu wenye kanuni zake: picha ya marehemu, orodha ndefu ya jamaa na mahali wanapofanya kazi, siku ya maziko, na mara nyingi mahali pa kukutania ili kuchanga gharama. Chanzo cha kifo huelezwa kwa fomula. Marehemu ameaga dunia “baada ya kuugua kwa muda mfupi”, au “baada ya kuugua kwa muda mrefu”. Ugonjwa hautajwi.

Haitupasi kudai kwamba kila fomula ya namna hiyo ilificha UKIMWI. Nguvu ya tafsida hii ilitokana na kwamba iliwatosha wote: aliyekufa kwa saratani na aliyekufa kwa malaria walizikwa kwa maneno yale yale. Wala haifai kuzilaumu familia. Mjane alihitaji kuendelea kuishi miongoni mwa wakwe, na watoto walihitaji kukubaliwa shuleni. Miongoni mwa Waluo, wengi walieleza kukonda huko kuwa ni chira, matokeo ya kuvunja mwiko. Maelezo hayo yalimrudisha mgonjwa katika utaratibu wa ukoo badala ya kumtupa kwa makahaba wa ukurasa wa mbele. Kadiri ukurasa huo ulivyoufanya ugonjwa kuwa wa aibu, ndivyo ukurasa wa tanzia ulivyolazimika kunyamaza.

Sauti ya Nafsi ya Kwanza

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 1998 ulionyesha kwamba karibu watu wazima wote nchini Kenya walikuwa wamesikia habari za UKIMWI. Hata hivyo, wengi wao walisema hatari yao wenyewe ilikuwa ndogo au haikuwapo. Hawakukosa habari, walizisoma sawasawa kama zilivyoandikwa.

Uganda inatupa mfano wa kulinganisha. Kampeni ya serikali huko ilitumia sitiari ya ng'ombe anayelishwa zizini, asiyeachwa kuzurura malishoni. Sitiari hiyo ilimhusu kila mwenye nyumba. Kisha mwaka 1989 mwanamuziki Philly Lutaaya akatangaza hadharani kwamba yeye mwenyewe ana virusi. Alifariki mwezi Desemba mwaka huo huo. Kwa mara ya kwanza nafsi ya tatu ilipisha “mimi”.

Bila shaka lugha peke yake haiambukizi wala haiponyi. Mke aliyeitambua hatari hakuwa na uwezo wa kumkatalia mumewe kwa sababu tu ameitambua. Lakini asiyejiona katika habari hana hata pa kuanzia.

Hitimisho

Rais Daniel arap Moi aliutangaza UKIMWI kuwa janga la taifa mwezi Novemba 1999, miaka kumi na mitano baada ya mgonjwa wa kwanza kutambuliwa. Neno “taifa” liliuhamisha ugonjwa kutoka kwa “wao” hadi kwa “sisi”, nalo lilichelewa. Uchunguzi wa mwaka 2003, uliopima damu katika kaya za kawaida kote nchini, uliwakuta na virusi asilimia 6.7 ya watu wazima: asilimia 8.7 ya wanawake na 4.6 ya wanaume.

Fasihi ya Kiswahili imekwisha kuukabili ugonjwa huu waziwazi, kama inavyodhihirika katika riwaya ya William Mkufya, Ua la Faraja (2004). Uhakiki nao hauna budi kuzisoma kurasa za tanzia za miaka hiyo, kwa kuwa ndimo yalimobaki majina ya watu ambao ukurasa wa mbele haukuwahi kuwahesabu.