Kutoka Picha hadi Pembetatu: Historia Fupi ya Hesabu Iliyo Nyuma ya Mchoro



Iko programu ya kompyuta iitwayo Primitive. Iliandikwa na Michael Fogleman mwaka 2016, na inatolewa bure. Kazi yake ni kuchukua picha ya kawaida, iwe ya mti, mji au uso wa mtu, na kuigeuza kuwa mchoro wa pembetatu, mistatili au duara zilizopandana. Mtumiaji huandika amri ya mstari mmoja tu:

primitive -i picha.jpg -o mchoro.png -n 100

Maana yake: soma picha hii, toa mchoro huu, tumia maumbo 100.

Vijana wetu wakiona jambo kama hili hudhani elimu yake yote imezaliwa juzi. Tutazame nyuma kidogo.

Al-Hasan Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu na mwaka 965, alieleza kwamba tunaona kwa sababu nuru hutoka kwenye vitu ikaingia machoni. Alichunguza pia jinsi nuru inavyopita kwenye tundu dogo na kuchora sura ya jua lililopatwa. Chumba chenye giza na tundu ndicho mzazi wa kamera.

Kabla yake, katika karne ya 9, Muhammad bin Musa al-Khwarizmi alifanya kazi Baghdad zama za Khalifa al-Ma'mun. Kitabu chake cha kuhesabu kwa tarakimu za Kihindi kilipofasiriwa kwa Kilatini, jina lake lilitamkwa Algoritmi. Hapo ndipo lilipotoka neno algorithimu, yaani hatua zilizopangwa za kutatua hesabu. Kila programu ni hatua za namna hiyo.

Hata hivyo tusivuke mpaka. Wanazuoni hawa hawakutengeneza kompyuta, na si haki kuwapa sifa ya kazi za wengine. Waliweka misingi, na wengine wakajenga juu yake.

Mmoja wa waliojenga ni Leon Harmon wa Maabara za Bell, Marekani. Mwaka 1973 alionyesha picha ya Rais Abraham Lincoln iliyofanywa kwa miraba mikubwa isiyozidi 300. Ukiitazama kwa karibu ni miraba mitupu. Ukisogea mbali, au ukifumba macho nusu, Lincoln anajitokeza. Desemba 2008 Roger Johansson akaandika programu iliyochora upya Mona Lisa kwa maumbo 50 yenye kupenyeza rangi. Ilibadilisha maumbo hayo kwa bahati nasibu na kubakisha mabadiliko yaliyoikaribia picha ya asili, mizunguko zaidi ya 900,000. Kazi hiyo ndiyo iliyompa Fogleman msukumo.

Primitive huweka umbo moja baada ya jingine. Huanza na karatasi yenye rangi ya wastani ya picha nzima. Kisha hujaribu maumbo mengi, hupima tofauti kati ya mchoro na picha, huchagua lililo bora, na kulisogeza kidogo kidogo maadamu tofauti inapungua. Ni mfano wa mtu anayepanda kilima gizani: anafuata mwinuko, lakini anaweza kusimama kwenye kichuguu akidhani amefika kileleni.

Hapa tunamkumbuka Abu al-Wafa al-Buzjani (940–998), aliyeandika kitabu cha jiometri kwa ajili ya mafundi. Anasimulia vikao vya mafundi na wanahesabu juu ya kukata miraba mitatu iliyo sawa na kuunga vipande viwe mraba mmoja. Baadhi ya njia za mafundi ziliridhisha jicho, lakini alipozipima kwa hoja za jiometri zilikuwa na kosa. Jicho lilikubali, hesabu ikakataa.

Programu yetu iko upande wa jicho. Haithibitishi kitu, inakaribia tu. Kwa mapambo inatosha, lakini mwanafunzi asidhani ameshajifunza jiometri kwa kuandika amri moja. Achukue bikari na rula, achore nyota ya pembe nane kwa mkono wake, atajua tofauti.

Na wazazi wapate funzo jingine. Wako wanaodhani picha ya mtoto ikigeuzwa pembetatu, uso umefichika na inafaa kusambazwa. Miraba ya Harmon inatuonya: macho ya binadamu huutambua uso kwa alama chache mno. Ukitaka kuuficha uso, uondoe kabisa kabla ya kuigeuza picha.

Basi tuwahimize watoto wasiishie kutumia programu, bali waulize inafanyaje kazi. Swali hilo ndilo lililowafanya wazee wetu wa Baghdad na Basra wakumbukwe hadi leo.

Wabillahi tawfiq.