TOT ni Mtu au ni Semina?

Luanda Kotieno iko Uyoma, kaunti ya Siaya, pale feri inapopakia magari na abiria wa kuvuka kwenda Mbita. Ni bichi ya samaki pia, na kama bichi nyingine za Ziwa Victoria upande wa Kenya, mambo yake huendeshwa kupitia BMU, chama cha wavuvi, wenye mashua na wachuuzi kilichotambuliwa na kanuni za uvuvi za mwaka 2007. Vyama hivyo vimeungana katika mitandao inayotoka ufuoni hadi ngazi ya kaunti na taifa. Katika mitandao ya namna hii, ya wavuvi, ya afya ya jamii, ya vikundi vya akina mama, kuna neno moja lisilokosekana: TOT, kifupi cha Kiingereza cha "training of trainers" au "trainer of trainers".

Lisikilize linavyotumika. "Huyu ni TOT wetu." "Wiki ijayo tuna TOT Kisumu." "Mradi utaleta TOT wawili." Katika sentensi ya kwanza TOT ni mtu, katika ya pili ni semina, katika ya tatu ni watu tena. Herufi tatu zimebebeshwa mizigo miwili, na mkanganyiko huo una gharama yake: mtu akishahudhuria TOT ya siku chache hotelini, anarudi nyumbani akiwa yeye mwenyewe ni TOT, hata kama hajawahi kumfundisha mtu yeyote.

Kiswahili kinatenganisha kilichofumbatwa hapo. Semina ni mafunzo ya wakufunzi. Mtu ni mkufunzi wa wakufunzi. Majina haya ni marefu kuliko herufi tatu, lakini yanasema ukweli, na hilo la pili linataja hata kipimo cha kazi: lazima wawepo wakufunzi aliowatoa yeye.

Lugha ilikuwa na mbegu hiyo tangu zamani. Kwenye kitenzi funda, kile cha kumfunda mwali, limetoka jamaa lote la fundi, fundisha, funza, mafunzo, mwanafunzi na mkufunzi. Dholuo, lugha ya ufuo huu, ina jamaa kama hilo: puonj ni kufundisha, puonjre ni kujifunza, japuonj ni mwalimu. Hata hivyo, neno mkufunzi halina uzito uleule kila mahali. Nchini Tanzania mkufunzi ni, kwanza kabisa, mwalimu wa chuo, hasa chuo cha ualimu, kwa hiyo tayari ni mtu anayeandaa walimu. Kenya neno limepanuka hadi uwanja wa mpira, na magazeti humwita kocha wa Gor Mahia mkufunzi bila shida. Ndiyo maana msomaji wa Dodoma anaweza kuona "mkufunzi wa wakufunzi" ni kurudia jambo, ilhali msomaji wa Bondo anauhitaji urefu huo ili aelewe.

Mbinu yenyewe ya kuwafunza wakufunzi ilipata umbo lake maarufu viwandani. Marekani, kati ya mwaka 1940 na 1945, ilikuwa na mpango wa kuwafunza wasimamizi wa viwanda namna ya kuwafunza wengine, kwa hatua nne: mwandae mwanafunzi, mwonyeshe kazi, mwache aifanye mwenyewe, kisha mfuatilie. Zaidi ya watu milioni moja walipitia mpango huo.

Afrika Mashariki ilipoichukua njia ya ngazi kwa ngazi, iliitumia kwa ukubwa wa kustaajabisha. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Wakufunzi wachache wa kitaifa waliwafunza wa wilaya, wa wilaya wakawafunza viongozi wa vikundi wapatao 75,000, na vikundi hivyo vikawakusanya watu wapatao milioni mbili kusikiliza redio, kujadili malaria, kuhara na maji, kisha kuinuka na kuchimba vyoo. Hakuna wizara ambayo ingeweza kuajiri walimu 75,000 kwa kazi hiyo. Kiongozi wa kikundi hakuhitaji kuwa mtaalamu. Alihitaji kufunzwa vizuri jinsi ya kuongoza mazungumzo. Katika muongo huohuo, nchini Kenya, Anne Hope na Sally Timmel walikuwa wakiwaandaa viongozi wa vijijini kupitia majimbo ya Kanisa Katoliki, katika mpango wa DELTA ulioegemea mawazo ya mwelimishaji Paulo Freire wa Brazil.

Karibu zaidi na Luanda Kotieno kuna Saradidi, huko Asembo, jirani wa Uyoma. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mpango wa afya wa Saradidi, uliohusishwa na Dakta Dan Kaseje, uliwategemea wasaidizi wa afya waliochaguliwa na wanakijiji wenzao. Walijitolea, na miongoni mwa kazi zao ilikuwa kugawa klorokwini kwa wenye malaria. Wanaofanya kazi kama hiyo leo huitwa kwa Dholuo nyamrerwa. Jambo la kuzingatia ni nani aliyewachagua: kijiji. Mkufunzi aliyechaguliwa na watu atakaowafunza ana mlango wa kuingilia ambao cheti hakiwezi kuufungua.

Siku hizi maneno mengine yanagombea nafasi hiyo. Mwezeshaji ni yule anayeongoza kikao ili wenyewe waseme. Anaweza kuwa hodari sana na asiache mrithi hata mmoja. Mraghbishi, neno lililoenea Tanzania kupitia shirika la TGNP na mradi wa Chukua Hatua wa Oxfam ulioanza mwaka 2010, ni mwanakijiji anayewaamsha wenzake wahoji na wachukue hatua. Ni neno zuri na kazi yake ni ngumu. Lakini kuwaamsha watu si sawa na kuwaandaa wengine wa kuwaamsha, na mtandao unaotaka kudumu unahitaji yote mawili.

Tofauti hiyo inaonekana wazi katika somo dogo kama la kupima mbuta. Nchi za ziwa ziliafikiana kuwa mbuta wa kuvuliwa awe wa sentimita 50 hadi 85, ili wachanga wakue na wakubwa wazae. Mkufunzi anamlaza samaki kwenye ubao, anapima kutoka mdomoni hadi ncha ya mkia, anaeleza sababu. Hapo amefundisha. Kisha mvuvi anachukua ubao na kupima mwenyewe, hapo mkufunzi amefunza. Hatua ya tatu ndiyo inayorukwa, kwa kuwa inakula muda: mvuvi huyo anamwita mwenzake ambaye hakuwepo, anamfundisha kwa Dholuo, na mkufunzi anakaa kimya hata pale anapoona kosa, mpaka somo liishe. Hapo ndipo panapojulikana kama yaliyotoka hotelini Kisumu kwa Kiingereza na Kiswahili yamefika ufuoni yakiwa mazima.

Limebaki neno kujitolea, kama walivyojitolea wale wa Saradidi. Ukiandika "mkufunzi wa wakufunzi wa kujitolea", msomaji hajui anayejitolea ni nani, mkufunzi au wakufunzi wake. "Mkufunzi wa kujitolea wa wakufunzi" inaondoa shaka. "Mkufunzi mkuu", ambayo baadhi ya mashirika huipenda, haifai, maana inageuza kazi kuwa cheo, na cheo hudai posho. Suala la posho si dogo: mwaka 2023 serikali ya Kenya iliacha kuwaita wahudumu wa afya ya jamii wa kujitolea, ikawapa jina la wahamasishaji na kuahidi kuwalipa.

Basi wanaoandika ratiba, vyeti na ripoti za mitandao hii waandike "mafunzo ya wakufunzi" kwa semina, na jina la mkufunzi wa wakufunzi wampe yule tu ambaye mwanafunzi wake ameshasimama mbele ya wengine na kufundisha.