Kubuni wimbo juu ya kodi (mafunzo kwa watoto)

Kubuni wimbo juu ya kodi ni ufundi wa kutunga tuni papo hapo kwa sauti huku ala ikipiga mfuatano wa kodi, yaani noti tatu au zaidi zinazolia pamoja. Mlango unaojulikana sana wa kuwaingiza watoto katika ufundi huu ni ule wa Mjerumani Carl Orff. Juzuu zake tano za Musik für Kinder, zilizotoka kati ya 1950 na 1954, zinaanza na ngazi ya noti tano: do, re, mi, so, la. Hakuna noti mbili kati ya hizo zilizoachana kwa nusu toni, hivyo ala ikishikilia do na so tu, mtoto huimba apendavyo na hakuna kinachokwaruza. Lakini salama hiyo hudumu maadamu kodi haihami. Gitaa likihamia kodi ya so (so, ti, re), do ile ile iliyotulia sasa inagombana na ti. Likienda kodi ya fa, mi inagombana na fa. Si bure kwamba Orff aliichelewesha kodi ya so hadi juzuu ya tatu. Mwalimu anayeishia kwenye noti tano amempa mtoto uhuru bila kumpa sikio.

Sikio hilo hujengwa kuanzia besi. Mpiga kinanda aweza kuitafuta noti kwa kidole. Mwimbaji hana cha kubonyeza, lazima aisikie moyoni kabla hajafungua kinywa. Kwa hiyo watoto waimbe kwanza noti ya msingi ya kila kodi chini ya wimbo wanaoujua, hadi waitambue kodi inapohama bila kuambiwa, ndipo waongeze noti nyingine za kodi na za kupitia. Wapo wanaosema watoto hawajakomaa kusikia hayo. Utafiti wa Laurel Trainor na Sandra Trehub, uliochapishwa 1994, unawaunga mkono nusu tu: watoto wa miaka mitano walitambua noti iliyotoka nje ya ufunguo, na wa miaka saba wakatambua pia ile isiyopatana na kodi iliyodokezwa na tuni. Basi ni suala la umri, wala si kipaji. Pingamizi zito zaidi ni kwamba kanuni huua ubunifu. Ila anayejua kwamba do hukwaruza juu ya kodi ya so ndiye awezaye kuishikilia kusudi, kisha akaiteremsha kwenye ti.