Kutoka Kutia Bati hadi Seli za Fueli: Historia ya Uso wa Metali kwa Mtazamo wa Pwani ya Bagamoyo

Historia ya ufuaji chuma katika Afrika Mashariki imeandikwa zaidi kuhusu tanuri kuliko kuhusu uso wa chuma chenyewe. Mavi ya chuma yaliyofukuliwa na Felix Chami huko Limbo, kusini mwa Dar es Salaam, yanathibitisha kuwa uyeyushaji ulifanyika karibu na pwani katika karne za mwanzo baada ya Kristo. Hata hivyo, kuyeyusha ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuihifadhi metali isiliwe.

Kuanzia Kaole na Bagamoyo hadi Ubena Zomozi, makali ya kutu hupungua kadiri bahari inavyoachwa nyuma, kwa kuwa chumvi iliyomo katika upepo ndiyo inayoyachochea. Mabati, yanayotokana na mbinu ya kupaka zinki ambayo Stanislas Sorel aliipatia hataza Ufaransa mwaka 1837, yalikuwa jibu moja. Jibu la pili lilikuwa kazi ya fundi wa kutia bati sufuria za shaba: tabaka jembamba liliizuia shaba isiingie chakulani, lakini liliruhusu joto lipite. Lilikinga bila kuzuia.

Mwaka 1839 William Grove alieleza seli inayozalisha umeme kutokana na hidrojeni na oksijeni. Mwaka 1913 Harry Brearley, mjini Sheffield, alitengeneza chuma kisichoshika kutu. Chuma chenye kromiamu isiyopungua takriban asilimia 10.5 hujifunika chenyewe kwa utando wa oksidi wenye unene wa nanomita chache. Ndani ya seli ya fueli, sifa hiyo hugeuka kuwa kikwazo. Mabamba ya seli yenye utando wa protoni hufanya kazi katika mazingira ya tindikali, kwenye joto la nyuzi 80 hivi za Selsiasi. Oksidi ikibaki, hukinza umeme. Ikiondolewa, ioni za chuma huvuja na kuuharibu utando wa protoni.

Uchapishaji wa metali kwa leza, ulioendelezwa Ujerumani katika miaka ya 1990, umewezesha kuunda mifereji ya gesi yenye maumbo changamano. Lakini huacha uso unaokwaruza, wenye chembe za unga zilizoyeyuka nusu. Kwa hiyo bamba hulainishwa kwanza kwa umeme ndani ya tindikali, kisha hutiwa nitrojeni au hupakwa tabaka jembamba la dhahabu au kaboni.

Mfuatano huo ni ule ule wa mtia bati: kusugua kwanza, kupaka baadaye. Ulinganisho una mpaka wake, kwani joto si umeme, wala sufuria si seli. Hata hivyo, unabainisha kwamba swali la tabaka linalokinga bila kuzuia si geni pwani. Kwa Tanzania, yenye nikeli ya Kabanga inayoweza kuingia katika chuma cha aina hiyo, elimu ya uso wa metali inastahili kufundishwa sambamba na elimu ya uchimbaji.